Kikombe Kisichoonjwa

Nilikuwa nimeshapima maji ya matumbo ya watu wengi kabla sijapima ya baba yangu. Nafanya kazi maabara, katika hospitali moja ya Kibondo, na kwa tabia mimi ni mtu wa kutoamini. Mgonjwa akiniambia hajala tangu jana, namwangalia midomo. Muuguzi akiniambia sampuli imetolewa sasa hivi, naishika chupa nione kama bado ina joto. Wenzangu hunitania kwamba siku moja nitaiweka hata mikate ya Meza ya Bwana chini ya hadubini. Sikuwahi kuona aibu kwa hilo. Kazi yetu inataka mtu wa shaka, na shaka mimi niliirithi nyumbani.

Baba alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Uraia aliupata mvi zikiwa zimeshajaa kichwani, na cheti chake alikifunga ndani ya mifuko mitatu ya nailoni, akawa anakikagua kila mwezi kama bado kipo. Bibi alimlea kwa sheria moja: usinywe kitu ambacho aliyekuletea hajakionja. Kwetu hilo tunaliita kusogongera, na Waha tuliowakuta huku Kasulu nao wanalo. Anayekuletea pombe ya ndizi, maziwa, uji, chochote, hupiga funda moja mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Si matusi, ni adabu. Mtu hufanya bila kufikiri, kama anavyovua viatu mlangoni. Na kwa sababu kila mtu hufanya bila kufikiri, siku mtu asipofanya kila mtu anaona.

Mama yangu alipofariki, baba alikaa miaka michache peke yake pale kijijini kwetu Heru Juu, kisha akaoa mwanamke Mkongo aliyekuwa akiuza mawese na vitenge nje ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mimi nilimwita mama mdogo, kwa heshima, na heshima hiyo ilikuwa ya mdomoni tu. Hakuwa na ubaya niliouona. Alilima maharage vizuri kutushinda, alicheka haraka, na kusogongera alijifunza wiki ya kwanza tu, ingawa kwao haikuwapo. Ila shangazi, dada wa baba, hakumpokea hata siku moja. "Mtu wa kambini," alikuwa akisema, "unajua alichokimbia?" Shangazi mwenyewe naye aliletwa nchi hii akiwa amefungwa kifuani kwa nguo. Nilimkumbusha mara moja, akaninunia hadi mavuno.

Tumbo la baba lilianza kuvimba wakati wa kupanda maharage. Kwanza mkanda, halafu suruali, halafu ikabidi avae kanzu ya kuazima kwenda kanisani, na miguu ikawa inabonyea ukiigusa. Tulimpeleka hospitali mjini Kasulu. Daktari, kijana mpole mwenye mwandiko mbaya, alimchoma sindano ubavuni akatoa maji, mengi, ya rangi ya majani makavu. Vitendanishi vya kupimia protini vilikuwa vimeisha pale. Nikasema nipeni mimi. Nikaitia chupa kwenye kiboksi cha barafu, nikapanda basi la Kibondo nikiwa nimeipakata.

Niseme wazi nilichokuwa nakiombea njiani: niliomba protini iwe nyingi. Maji ya tumbo yakiwa mazito, yenye protini nyingi, mara nyingi ni kifua kikuu kimeingia tumboni, na kifua kikuu kina dawa, mtu anameza miezi sita anapona. Yakiwa mepesi, basi ni ini. Niliweka sampuli kwenye mashine, nikasimama mbele yake nimekunja mikono. Jibu lilitoka halijafika hata gramu moja. Nikarudia, maana mashine nazo siziamini. Likatoka lile lile. Niliandika kwenye karatasi, nikatia sahihi, nikatuma kwa basi la kesho yake, kisha nikaenda nyuma ya jengo nikalia.

Daktari aliponipigia hakuzunguka. Virusi vya homa ya ini vilikuwa vimemla baba kimyakimya miaka mingi, na ini lilikuwa limesinyaa na kujaa makovu.

"Na hiyo protini kuwa chache," nikamwuliza, "mbali na kutuambia ni ini, ina maana gani kwake?"

"Kingamwili nazo ni protini," akasema. "Maji yakiwa mepesi namna hii, hayana walinzi. Kijidudu kimoja kikitoroka kwenye utumbo kikaingia mle ndani, hakikuti wa kukizuia. Kitazaana. Nitaangalia la kufanya akija kliniki."

Dirishani kwangu kulikuwa na foleni. Nikasema sawa daktari, asante, nikakata simu. Sikuuliza ataangalia kitu gani.

Kosa la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo. Shangazi alipiga kuuliza majibu, nami kwa uchovu nikamwambia, "Shangazi, yale maji hayana kitu, ni kama maji matupu." Nilikuwa nazungumzia protini. Yeye alisikia maabara ya serikali imethibitisha kwamba tumboni mwa ndugu yake kuna maji matupu, maji ya kisimani, na maji ya kisimani hayaingii tumboni yenyewe. Ndani ya siku tatu Heru Juu nzima ilikuwa nalo. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Ningeweza kulikanusha. Lakini jambo ambalo sikumwambia mtu ni kwamba na mimi lilianza kuniingia. Mbona mama mdogo haumwi? Mbona wanakula sufuria moja na anayevimba ni mmoja? Nilijua jibu la kitabuni. Nilijua virusi haviingii kwa kula pamoja. Nilijua, na bado usiku nikigeuka kitandani swali lilikuwa linanisubiri upande wa pili.

Mwezi uliofuata nilikwenda kumwona. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, tumbo limemtangulia, uso umebaki mifupa. Nikamwamkia, akaitikia, akaniashiria niinamishe sikio.

"Mwana wanje," akasema kwa sauti ndogo, "mama yako mdogo haonji tena."

"Haonji nini, baba?"

"Uji wa asubuhi. Chakula anaonja. Maji anaonja. Uji wa asubuhi ananipa tu, halafu anasimama hapo mpaka niumalize. Na una uchungu."

Nilimwuliza kama bado anakunywa vidonge vya hospitali, akafyonza. Vidonge aliviacha. Vile vya kupunguza maji vilikuwa vimemkojoza kanisani, katikati ya mahubiri, mbele ya wazee wenzake, na alipotoka pale aliapa kwamba hakuna kidonge kitakachopita tena kooni mwake, hata kama atakileta malaika. Baba akiapa ameapa.

Kesho yake niliamka mapema nikakaa mahali ninapoweza kuona jikoni. Mama mdogo alikoroga uji wa ulezi. Akatazama mlangoni. Akatoa kitu kwenye kopo la unga, akakiweka kwenye kijiko, akakisaga kwa mgongo wa kijiko kingine, polepole, kwa uangalifu wa mtu aliyezoea. Ungaunga mweupe. Akaumimina kikombeni, akakoroga, akamletea baba. Hakuonja.

Baba akanitazama mimi. Nikakichukua kikombe mkononi mwake, nikapiga funda. Uchungu ulinikaa nyuma ya ulimi kama kwinini.

"Hii ni nini?"

Mama mdogo alimtazama baba, akanitazama mimi. "Tuongee inje, mwanangu."

"Sema hapa hapa."

Akafumba mdomo. Nikasubiri, na kila alivyozidi kunyamaza nilizidi kuwa na hakika. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nikaona fahari kwamba nimekikamata. Uji nikaumwaga kwenye shina la mgomba. Uliobaki chini ya kikombe nikautia kwenye kopo la sampuli nililokuwa nalo kwenye mkoba, maana mimi hutembea nayo. Shangazi akahamia jikoni siku hiyo hiyo, akiwa na sufuria zake mwenyewe kichwani. Hakuhitaji kuitwa mara mbili.

Nilirudi Kibondo kuomba likizo, na huko nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani ardhi inifunike. Nilipima uji. Maabara yetu haina kipimo cha sumu, kwa hiyo niliupima kwa vipimo tulivyo navyo. Nikautazama kwenye hadubini, nikaona chembe za wanga. Nikapima protini ya uji wa ulezi! Kilichokuwa rahisi ni kuinua simu nikamwuliza yule daktari: kuna dawa yoyote umeandika? Sikuipiga, na hata lile kopo la unga sikuwa nimelichimbua. Nilijiambia yuko na kazi nyingi. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu aninyang'anye uhakika wangu.

Nikarudi Heru Juu na likizo ya wiki mbili, nikawa nampikia baba kwa kusaidiana na shangazi. Nilionja kila kitu, kwa madoido, funda kubwa la kusikika. Baba alikunywa kwa amani. Siku ya nne tangu nimwage uji aliomba ndizi, akala mbili, akasimulia habari za mzee mmoja wa Muyama aliyemwuzia mbuzi kipofu. Shangazi aliniambia, "Umeona? Umemwondolea mkono wa mtu, anapona." Na mimi niliona. Nilikuwa na furaha, nisifiche.

Mama mdogo alikuwa akishinda shambani, anarudi, analala. Siku ya tano alinifuata nilipokuwa naanua mihogo juani.

"Mwanangu, nisikilize. Iko kinini ya dokotere—"

"Kinini gani? Baba hanywi vidonge, unajua."

"Njo maana nilikuwa—"

Shangazi akatokea kwenye kona ya nyumba na ungo wake, mama mdogo akashika njia ya shambani. Nililisikia neno daktari. Nililisikia vizuri kabisa. Nikajiambia: amepata siku tano za kutunga, na hicho ndicho alichotunga. Alhamisi ya wiki iliyofuata tulikuwa na kliniki, nikasema nitauliza huko. Nambari ya daktari ilikuwa kwenye simu yangu, na simu ilikuwa kwenye mfuko wa gauni langu.

Siku ya tisa baba aliamka anatetemeka. Kufika saa nne alikuwa wa moto, tumbo haligusiki, anamwita mama yake kwa Kirundi. Tukakodi gari. Mama mdogo alipanda bila kuulizwa, akamshika kichwa njia nzima.

Daktari alimchoma palepale kitandani. Maji yaliyokuja hayakuwa yale ya rangi ya majani makavu. Yalikuwa machafu, ya ukungu, kama maji yaliyooshea mchele. Sikuhitaji hadubini. Nilijua ningekuta nini humo: chembe nyeupe zimejaa, na protini ile ile chache. Kijidudu kimoja kimetoroka, na hakikukuta mlinzi.

Akafungua faili. Karatasi ya juu ilikuwa yangu, yenye sahihi yangu. Jibu la protini alikuwa amelizungushia duara kwa kalamu nyekundu, na pembeni ya duara, kwa mwandiko wake mbaya, ameandika jina la dawa: kidonge kimoja kila siku, kuzuia maambukizi tumboni. Nilikijua kidonge hicho. Kinasagika vizuri, na ni kichungu sana.

"Hiki cha kulinda tumbo," daktari akauliza, "amekunywa kila siku?"

Nilifungua mdomo. Niliona kila kitu kwa mara moja, kikombe, kijiko, macho ya mama mdogo yakitoka kwa baba yakija kwangu. Asingeweza kusema mbele ya baba. Baba angejua ni kidonge, na asingekunywa tena. Asingeweza kunipigia simu, simu ya nyumba ile ni ya baba na baba husikiliza kwa spika. Asingeweza kuonja, maana ile ilikuwa dozi ya mgonjwa, wala hakuwa mtu wa kujifanya anaonja. Mwanamke huyu alikuwa amekubali kuonekana mchawi kila asubuhi ili kidonge kipite.

"Ni miye nilisahau, dokotere," mama mdogo akasema. "Siku tisa."

Alikuwa amezihesabu. Mimi sikuzihesabu.

Daktari alitikisa kichwa, hakumfokea. Akasema hata wanaokunywa kila siku wengine huupata ugonjwa huu, asijilaumu sana. Nilisimama hapo hapo, na mdomo wangu nikaufunga. Baba alikuwa amefumba macho kitandani, na mama mdogo aliinamisha kichwa kumwelekea, kunionyesha kwamba baba anasikia. Alinisitiri mbele yake. Na mimi nikakubali kusitiriwa.

Walimpa sindano za nguvu. Homa ikashuka, lakini figo zikagoma. Siku ya tatu akili zilimrudia kidogo, akaomba maji. Mama mdogo akamimina, akapiga funda la kuonja, akamsogezea. Baba aligeuza uso, akanitafuta kwa macho.

"Onja wewe."

Nikakichukua kikombe. Ilikuwa nafasi yangu. Ningesema: baba, huyu ndiye aliyekuwa anakulinda, mimi ndiye niliyekumwagia dawa. Maneno machache tu. Nikaonja, nikampa, akanywa. Mama mdogo akarudi kukaa kwenye benchi. Baba alifariki kesho yake asubuhi akiamini nimemwokoa.

Baada ya mazishi, siku ya kuanua tanga, ukoo ulikaa uani. Shangazi hakuchelewa. Alisema mjane afungashe, arudi alikotoka, na asionekane akigeuka nyuma. Watu wakaguna kukubali. Mama mdogo alikuwa ameketi kwenye mkeka na hakuinua uso. Nadhani alikuwa ameshafungasha.

Nikasimama. Niliwaambia uji niliumwaga mimi. Niliwaambia ulikuwa na dawa, kwamba dawa iliandikwa kwa sababu ya kipimo changu mwenyewe, kwamba kama yupo mtu wa kufukuzwa pale basi ni mimi. Nikaingia jikoni, nikaliinua kopo la unga wa ulezi, nikachimbua kwa vidole mbele yao hadi nikatoa karatasi ya vidonge. Vilivyonyofolewa viliishia asubuhi ile ya mgomba. Vya siku zilizofuata vyote vilikuwepo.

Kisha shangazi akasema, kwa huruma kabisa, "Masikini. Amekulisha na wewe."

Wengine waliniamini, wengine hawajaniamini hadi leo. Nilipiga kelele, nilitukana, mambo ambayo mtoto hapaswi kumfanyia shangazi yake. Ila hakuna aliyethubutu kugusa mzigo wa mama mdogo mbele yangu, na nyumba ikabaki yake, na shamba la maharage. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu nimeshamlea, anatembea.

Nilimwomba msamaha kabla sijarudi Kibondo. Nilipiga magoti kabisa, jikoni, kwenye majivu. Aliniinua, akaniita mwanangu, akasema yameisha, njo vile dunia iko. Alisema kwa moyo mweupe, na hapo sina shaka naye, mimi mwenye shaka na kila kitu.

Siku hizi nikishuka Kasulu kwa kazi, lazima nipite Heru Juu. Anafurahi, ananichinjia kuku, tunacheka. Mara ya mwisho jua lilikuwa kali, nikasema nina kiu. Akamtuma mtoto wa jirani dukani, akaja na chupa ya maji, mpya, ya baridi, kifuniko hakijaguswa. Niliona mwenyewe ilivyofungwa. Mama mdogo akaipokea, akakizungusha kifuniko hadi kikalia, akapiga funda moja mbele ya macho yangu, akasubiri kidogo, ndipo akanipa.